Sampuli ya Tatu

Pampu imekufa tangu Jumanne,
kwa hiyo kibaridisho chetu kinanyweshwa maji ya mfongo,
maji yaliyoteremka Uru, yakapita migomba ya watu,
yakaingia kwa mpira wa bustani kupitia dirisha la maabara
kuuzunguka mvuke mpaka ukubali kuwa tone.

Kilo mbili za kivumbasi kwenye pipa la chuma.
Saa tatu nimekaa kigodani, nahesabu.
Maji chini, mafuta juu,
ukanda mwembamba, manjano ya ukucha wa mzee.
Mililita kumi na moja.
Matuta manne ya shangazi yameenea
kwenye kichupa cha dawa ya macho.

Jina lake la Kilatini limebeba mlima wetu
kwa tahajia ya Mjerumani:
konsonanti tano zimepanga foleni
bila irabu ya kupumulia.
Shangazi Ndealilia halijui hilo.
Yeye hukiita kile kinachomnukisha mbuzi akipita.

Nilituma vichupa vitatu Arusha, kwenye mashine.
Karatasi zikarudi na vilele:
cha kafuri kirefu, kipana mabegani kama Kibo,
cha sineoli kimechongoka kama Mawenzi,
limonini kilima tu, cha kupandwa na watoto,
halafu vichuguu, vichuguu,
na mbele ya kila kimoja mashine imeandika
haijulikani
haijulikani.

Ila kwenye sampuli ya tatu Kibo kilikuwa nusu.
Shamba lile lile, mmea ule ule.
Nikakagua mizani. Nikakagua vizibo.
Nikamlaumu kijana wa vifurushi, Mungu anisamehe.
Siku ya nne nikapanda Uru kuuliza.

Hakuacha kuchambua maharage.
“Ya tatu ulikata mwenyewe.
Ulikuja saa saba, jua la utosi, maua yameshapukutika,
ukanikuta nimelala, ukaona aibu kuniamsha.
Mimi hukata umande ukingalipo.”

Kuhusu visahani sikumwambia siku ile.

Kwenye visahani vijidudu huota kama utando wa uji uliopoa.
Unaweka katikati kijikaratasi kilicholowa mafuta,
unafunga, unakwenda kulala, hulali.
Kisahani cha kwanza: duara tupu, milimita kumi na nne.
Cha pili: kumi na mbili.
Cha tatu na cha nne, wastani, si haba.
Cha tano ndicho nilichokuwa nakingoja,
kijidudu ndugu wa kile kilichokaa kwenye mguu wa baba
mwaka juzi, wodini, kikakataa sindano za aina tatu.
Cha tano kilijaa hadi ukingoni.
Kiliota mpaka juu ya kijikaratasi chenyewe
kama magugu juu ya kizibo cha mtaro.

Niliandika sifuri.
Nikafuta.
Nikapima kwa rula nyingine.
Nikaandika sifuri.

Nilipomwambia hatimaye, alishangaa kweli.
“Nani alikudanganya kinatibu kidonda?
Mama alikitia ghalani, fukusi wasile maharage.
Alikitupa motoni mbu wakizidi.
Alitufukiza nacho mafua yakitushika.
Kidonda? Kidonda alitutembeza kwa miguu
mpaka kwa masista wa Kibosho,
na ukilia njiani unaongezwa kofi.”

Akapepeta. Makapi yakaniangukia viatuni.
Alikuwa kaka yake, baba yangu.
Akapepeta tena maharage yaliyokuwa safi tayari.

Jedwalini nimeongeza safu: saa ya kukata.
Na safu ya mkusanyaji:
ya kwanza, Ndealilia; ya pili, Ndealilia;
ya tatu, mimi.
Sifuri nimeiacha mahali pake, kwa wino.

Maji yaliyobaki chini ya mafuta, lita nzima,
bado yananuka kafuri, na hakuna anayeyahitaji.
Jana nimeyadekia sakafu.
Mbu wote wa usiku
wamehamia ofisi ya mhasibu.